Mifumo mitatu, mgonjwa mmoja: Mama wa Masijala anajibu

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na karibu zote zina kilio kimoja: mifumo haisomani. Nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni, mimi nilianza kazi mwaka 1991 katika masijala ya hospitali moja mkoani Tanga, nikipanga kadi za wagonjwa kwenye rafu za mbao. Kompyuta zilikuja baadaye, nikazisomea, nikazizoea. Hata leo nikifungua jedwali la kanzidata, yaani ghala la data la kompyuta, naiona rafu ile, na majibu yangu yanatoka huko.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni afisa TEHAMA katika hospitali moja Bonde la Kilombero. Tuna mifumo mitatu. Mapokezi wana mfumo uliotengenezwa na kijana wa hapahapa, uko kwenye kanzidata ya MySQL. Famasi wana mfumo wa kununua, uko kwenye SQL Server. Maabara wanatumia Access, faili moja kwenye kompyuta moja. Mganga mfawidhi anataka mifumo isomane kabla robo ya mwaka haijaisha. Nikasimika kanzidata nyingine, PostgreSQL, pembeni, nikaiunganisha na yote mitatu, na jioni moja tu kazi ikakubali. Kesho yake nikauliza swali dogo: mwezi uliopita tulikuwa na wagonjwa wangapi wa malaria? Mapokezi 412, maabara 389, famasi 455. Mganga mfawidhi ananiuliza ipi ya kweli. Muuzaji mmoja anasema tutupe yote tununue mfumo mmoja. Mwenzangu anasema tuandike programu ndogo ya kunakili kila kitu kutoka kila mfumo kwenda kila mfumo, kila saa. Nifanyeje?
*Afisa TEHAMA, Kilombero*

JIBU: Marahaba mwanangu. Namba zote tatu ni za kweli. Kila moja inajibu swali lake, ila swali lako wewe hakuna mfumo hata mmoja uliowahi kulijibu.

Hiyo jioni moja iliyokufurahisha imewagharimu wenzetu miaka mingi. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alitoa makala iliyopendekeza data zipangwe kwenye majedwali, na kichwa cha makala hiyo kilitaja wazi benki kubwa za data za kutumiwa na wengi. Kabla yake programu ilibidi ijue data zimelazwa wapi ndani ya mashine na kwa mpangilio gani. Ukihamisha kitu, programu inaanguka. SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamuru kanzidata, ikapata kiwango rasmi Marekani mwaka 1986. ODBC, daraja la kufikia kanzidata tofauti, hiyo uliyoitumia kuifikia Access, ilitoka mwaka 1992. PostgreSQL nayo, kuanzia toleo 9.1 la mwaka 2011, ikaruhusu jedwali la kanzidata ya jirani lionekane kwako kama la kwako. Ndiyo maana ulimaliza kabla ya magharibi. Kuunganisha kumekuwa rahisi. Kuelewana bado.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi chukua daftari, kaa mapokezi, ufuatane na kadi ya mgonjwa mmoja mpaka atoke getini. Mimi nilifanya hivyo nilikokuwa kazini, namba zilipogoma kukubaliana kama zako.

Mapokezi walikuwa wanaandika hudhurio. Mama akija Jumatatu na homa, akarudi Alhamisi kwa sababu homa haijakata, hiyo ni mistari miwili. Maabara walikuwa wanaandika vipimo vilivyoonyesha vimelea; aliyepewa dawa kwa dalili tu, siku vipimo vimekwisha, kwao hayumo kabisa. Famasi ndiko nilikokaa muda mrefu, kwa sababu namba yao ilizidi za wote na hakuna aliyejua kwa nini. Nikasimama upande wa ndani wa dirisha. Akaja baba mmoja ameandikiwa dawa mseto ya malaria. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kila mara, mara mbili kwa siku, siku tatu. Siku hiyo pakiti za 24 zilikuwa zimekwisha, zimebaki za watoto zenye vidonge 6. Mfamasia akachukua pakiti nne, akazifunga pamoja kwa raba, akamweleza baba yule namna ya kumeza, akampa. Kisha akageukia kompyuta akaingiza pakiti ya 6 mara nne. Mistari minne. Na alifanya sawasawa, maana mfumo wake ulitengenezwa kulinda stoo, na stoo imepungua pakiti nne. Ripoti yetu iliyokuwa ikihesabu mistari ikamwona baba mmoja kuwa wagonjwa wanne.

Ningekaa ofisini mwaka mzima nisingeiona ile raba.

Kwa hiyo kabla hujaandika amri nyingine ya SQL, waite mezani mtu wa mapokezi, wa maabara na wa famasi. Waulize neno "mgonjwa" kwao lina maana gani, na usiwakatize. Halafu andikeni karatasi moja: kwa ripoti ya mwezi, mgonjwa wa malaria ni nani, akirudi baada ya siku ngapi tunamhesabu upya, aliyetibiwa bila kipimo anaingia wapi. Mganga mfawidhi aitie sahihi. Akikuuliza tena ipi ya kweli, mwonyeshe karatasi hiyo. Kazi hii ni yake kama ilivyo yako, mwambie kwa heshima.

Jambo la pili ni majina, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mapokezi wameandika Hamisi, maabara Khamis. Fatuma kwa huyu, Fatma kwa yule. Ally na Ali. Kanzidata nyingi zinakuja na Soundex, njia ya kulinganisha majina kwa sauti iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Ilitengenezwa kwa masikio ya Kiingereza, na herufi ya kwanza inaiacha kama ilivyo, kwa hiyo Khamis anakuwa K520 na Hamisi anakuwa H520, watu wawili wasiojuana. Afadhali kipimo cha Levenshtein cha mwaka 1965, kinachohesabu herufi ngapi za kubadilisha, kuongeza au kuondoa. Kutoka Fatma mpaka Fatuma ni moja, kutoka Khamis mpaka Hamisi ni mbili. Lakini kutoka Salim mpaka Salum nako ni moja, na Salim na Salum wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Kipimo kikuletee watu wa kuangalia. Uamuzi uufanye wewe.

Halafu kwenu kuna Mang'ula. Ile alama katika ng' ndiyo SQL inayotumia kufungia maneno, kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa pupa ikifika hapo inadhani neno limeishia Mang, inakwama. Nimeona vijana wanaiponya kwa kufuta alama. Usiifute; ngombe si ng'ombe. Tuma thamani kama kigezo, mbali na amri yenyewe, na hiyo ndiyo njia ileile inayomzuia mwenye nia mbaya asipenyeze amri zake kwenye kisanduku cha jina. Kagua pia alama zenyewe: Word na baadhi ya simu huandika iliyopinda, kibodi huandika iliyonyooka. Kwa kompyuta Mang’ula na Mang'ula ni sehemu mbili, na ripoti yako itazitoa kama kata mbili.

Sasa nikueleze kosa langu. Mwaka 2009, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa kazi ya kusafisha orodha ya wagonjwa. Nikakuta wanawake wawili, jina la kwanza moja, la ukoo moja, kijiji kimoja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, jina la kati halikuandikwa. Nikaona huyu ni mtu mmoja aliyesajiliwa mara mbili. Nikahamisha mahudhurio yote kwenye namba moja, nyingine nikaifuta. Walikuwa binamu wawili waliopewa jina la bibi yao. Mmoja alikuwa na mzio wa penisilini, na onyo hilo lilikuwa kwenye jalada nililolifuta. Siku alipokuja na kidonda, nesi alimwuliza mwenyewe kwa mdomo kabla ya kuchoma sindano, ndipo likajulikana. Nesi yule aliokoa maisha ya mtu na mimi nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Tangu hapo sifuti namba ya mtu. Kila mfumo ubaki na namba zake. Katikati uweke jedwali dogo lenye namba ya mapokezi, ya famasi na ya maabara, na mbele yake nani aliyesema hawa ni mtu mmoja, lini, kwa ushahidi gani. Ukigundua umekosea, unaondoa mstari mmoja na data zote ziko palepale zilipokuwa.

Mengine nitayapitia haraka. Jinsia: mfumo mmoja umeandika ME na KE, mwingine 1 na 2, wa tatu M na F. Usidhani M inajieleza. Nimekutana na karani aliyeandika M kwa mwanamke, na kwa Kiswahili hakukosea. Kiwango cha kimataifa kinatumia 0 kwa isiyojulikana, 1 kwa mwanamume, 2 kwa mwanamke na 9 pale isipohusika, chukueni hicho. Tarehe: MySQL ya zamani inakubali 0000-00-00, PostgreSQL itaikataa, nawe amua mapema kuwa hiyo maana yake "haijulikani". Kompyuta iliyowekwa tarehe za Kimarekani nayo itageuza 03/04 ikawa Machi 4 bila kulalamika. Ya tarehe 13 na kuendelea inagoma, unaiona; za tarehe 1 hadi 12 zinapita kimya, na ukitoa zile ambazo siku na mwezi ni namba moja, kwa mwaka ni tarehe 132 zinazoweza kuharibika usijue. Sukari ya damu: uliza kila mashine inatoa kipimo gani, maana 5.5 kwa mmol/L ni karibu 99 kwa mg/dL, na safu isiyo na jina la kipimo ni hatari.

Nije kwa muuzaji na mwenzako. Muuzaji simkubali kwa sasa. Huenda mfumo mmoja ndio mtakaofikia siku moja, lakini mkiununua kabla ya ile karatasi ya maana, mtahama na ugomvi wenu mpaka nyumba mpya, tena kwa fedha nyingi. Mwenzako simkubali kabisa. Mama akibadilisha simu, mapokezi wakaandika mpya saa nne, famasi wakagusa kumbukumbu yake yenye simu ya zamani saa nne na nusu, nakala ipi ishinde? Kila taarifa iwe na kwao. Jina, simu na kijiji kwao ni mapokezi. Majibu kwao ni maabara. Dawa iliyotoka kwao ni famasi. Wengine wote wasome tu, na akaunti unayotumia kuvuta data iwe imenyimwa ruhusa ya kuandika. Usiitegemee nidhamu.

Maabara ndiyo ya kuhama kwanza. Faili la Access halivuki GB 2, na likiguswa na watu wengi kwa mpigo kupitia mtandao, umeme ukikatika katikati, linaweza kuharibika. Wapeleke PostgreSQL lakini waachie fomu zao zilezile wanazozijua. Access inaweza kubaki uso, data zikakaa kwingine. Kisha kila usiku, saa nane, vuta nakala za mifumo yote mitatu uziweke kwenye kanzidata yako ya pembeni, na ripoti zote zitoke hapo. Usiulize swali zito moja kwa moja kwenye mfumo wa famasi saa nne asubuhi foleni imefika nje, kwa sababu mara nyingine jedwali la jirani huvutwa zima kupitia waya ndipo lichujwe kwako, na dirishani kila kitu kinasimama.

SWALI: Habari za kazi dada. Sisi ni chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, Mbozi. Tuliambiwa tuunganishe orodha ya wanachama na orodha ya malipo kwa kutumia namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Orodha iko kwenye Excel, malipo yako kwenye MySQL. Karibu hakuna mwanachama anayelingana. Na Excel inaonyesha namba kama 1.97E+19. Tumekosea wapi?
*Mhasibu, Mbozi*

JIBU: Salama, pole na kazi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiiona namba inaichukua kama hesabu, na katika hesabu inashika tarakimu 15 tu. Tano za mwisho inaziweka sifuri. Ile 1.97E+19 ni sura tu, badilisha muundo wa safu uwe Number utaona namba ndefu inayoishia 00000. Hizo sifuri si za mwanachama wako. Kama faili limehifadhiwa hivyo, tarakimu zilizopotea hazirudi kwa ujanja wowote, na nasikitika kukuambia hivyo. Rudini kwenye fomu za karatasi.

Na msijaribu kukisia kwa tarakimu zilizobaki. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Katika rejista nilizopitia mimi, wazee wengi wasiojua siku yao wameandikiwa Januari 1. Kwa hiyo mtapata wakulima kadhaa wanaofanana kabisa hadi tarakimu ya kumi na tano, na malipo ya mmoja yataingia kwa mwenzake.

Mkianza upya, safu ifanyeni ya maandishi kabla ya kubandika chochote. Namba ikiandikwa na vistari vyake, Excel inaiacha kama maandishi, na mkifika MySQL mnaviondoa. Huko MySQL nako angalieni aina ya safu. Kama aliyewatengenezea aliweka namba nzima kubwa kuliko zote, isiyo na hasi, kikomo chake ni 18,446,744,073,709,551,615. Namba ya mtu aliyezaliwa mwaka 1970 inaanza na 1970, imeshapita. Safu ile ingemfaa aliyezaliwa kabla ya 1845. Wekeni herufi 20, basi. Kitu ambacho hamtakijumlisha wala kukigawanya, kihifadhini kama maandishi. Na simu hivyohivyo, ili ile 0 ya mwanzo isianguke. Simu zote ziandikwe kwa 255 na tarakimu tisa, kwenye orodha zote mbili, ndipo mlinganishe.

SWALI: Asalaam alaykum bi mkubwa. Mimi ni mkunga, Pemba. Rejista yetu ya wazazi tunaandika saa kama tunavyoisema. Sasa wameleta kompyuta, vijana wameingiza rejista ya zamani na kuiunganisha na mfumo wa kulaza. Imetokea watoto wamezaliwa kabla mama zao hawajafika hospitali. Vijana wanasema sisi tuliandika vibaya. Tumekosea kweli?
*Mkunga, Pemba*

JIBU: Waalaykum salaam. Hamkukosea hata kidogo, na vijana wakuombeni radhi.

Mama alifika saa mbili usiku, karani wa kulaza akaandika 20:00. Akajifungua saa saba usiku, wewe ukaandika saa 7 usiku. Kijana ameiingiza 07:00, au amejitahidi akaongeza kumi na mbili, ikawa 19:00. Ilitakiwa 01:00, tena tarehe ya siku inayofuata. Ndiyo maana mtoto amemtangulia mama.

Hesabu yenyewe iko hivi, waonyeshe. Saa 1 hadi 12 za mchana, kuanzia asubuhi mpaka jioni, ongeza sita. Saa 1 hadi 5 usiku, ongeza kumi na nane. Saa 6 usiku ni 00:00. Saa 7 usiku mpaka saa 12 alfajiri, toa sita. Kwa hiyo neno linalofuata saa, yaani asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri, ni sehemu ya taarifa. Kama waliliacha wakaingiza tarakimu tupu, rejista ya karatasi ifunguliwe tena mstari kwa mstari.

Tarehe ndiyo ngumu zaidi. Kwetu pwani siku hugeuka jua likizama, kwenye mfumo hugeuka saa sita usiku. Mkunga mtu mzima akiandika "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kompyuta saa tatu yake bado ni Alhamisi. Hili hakuna programu italijua. Kaa na wakunga wenzako walioandika rejista hiyo, wako hai, waulizeni kila mmoja desturi yake, muiandike pembeni ya jina lake. Ifanyeni mapema.

Wakishamaliza hayo, waambie vijana waangalie saa ya seva. Seva nyingi hushika saa ya dunia, nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mtoto wa saa nane na nusu usiku, yaani 02:30 ya tarehe 1, kwa seva ni wa 23:30 tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita, na ripoti ya mwezi ikichapwa kwa saa ya seva, mtoto huyo amehesabiwa mwezi ambao hakuzaliwa.

SWALI: Dada, salamu kutoka Mombasa. Chama chetu kinasaidia watoto wenye ulemavu. Shirika jingine linataka tuunganishe kanzidata zetu na zao ili misaada isirudiwe. Mwenzetu anasema tukizisaga namba za simu za wazazi kwa SHA-256, zigeuke msururu wa herufi usiosomeka, kabla ya kuwapa, hakuna atakayejua ni za nani, na sheria haitugusi. Ni kweli?
*Katibu, Mombasa*

JIBU: Si kweli, na nakuomba msitume bado.

SHA-256 haifumuliki kwa kurudi nyuma, hapo mwenzenu yuko sawa. Lakini simu za mkononi za Kenya zinaanza na 07 au 01, zikifuatiwa na tarakimu nane. Hizo ni namba milioni 200 tu. Mtu akizisaga zote kwenye kompyuta yake, kazi ya dakika chache, anapata orodha ya kulinganisha na yenu, na kila mzazi anajulikana. Nyinyi mtakuwa mmekabidhi orodha ya watoto wenye ulemavu, na simu za nyumbani kwao.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na taarifa za afya za mtu humo zina ulinzi wa ziada. Wasomaji wa Tanzania nao wana yao ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa hiyo mtafuteni mwanasheria, na mzazi aulizwe.

Kabla ya hapo lakini, waulizeni wale wenzenu wanataka kujua nini hasa. Wakisema wanataka kujua kila wadi ina watoto wangapi wasiopata kiti cha magurudumu, wapeni hesabu, bila majina wala simu. Na wadi yenye mtoto mmoja au wawili iunganisheni na jirani yake kwanza, maana mtaani kila mtu atajua ni nani. Wakisema ni lazima kujua mtoto huyu ameshapewa au bado, basi wao waje na jina la mtoto aliyefika kwao siku hiyo, mzazi akiwa amekubali, mfumo wenu umjibu ndiyo au hapana. Kila swali liandikwe: nani kauliza, kuhusu nani, saa ngapi. Mzazi akija ofisini kwenu kutaka kuona nani amemsoma mwanawe, muwe na ukurasa wa kumwonyesha.